Maandishi ya Ubavuni mwa Mabehewa

Ndugu msomaji, ukisimama kando ya reli na gari la moshi la mizigo likapita mbele yako, huna hiari kubwa ya kutazama au kutotazama. Behewa huja baada ya behewa, na lililoandikwa ubavuni mwake huingia machoni kabla hujaiuliza nafsi yako kama ilitaka kulisoma. Gazeti waweza kulikunja. Redio waweza kuizima. Duka waweza kuliepuka kwa kupita njia nyingine. Lakini gari la moshi hupita katikati ya mji, na mtoto wa miaka saba aliyekaa juu ya ukuta akihesabu mabehewa husoma yote yapitayo, awe mzazi wake yupo au hayupo.

Jambo hili wafanya biashara wa Marekani walilitambua zamani sana. Walizifanya mbavu za mabehewa kuwa mbao za matangazo, wakazipaka rangi na picha, wakazipeleka nchi nzima kutoka bahari hata bahari. Kisha, katika mwaka 1934, Serikali yao ikayapiga marufuku matangazo hayo. Tumeona khabari hii inafaa kusomwa katika nyumba zetu, khasa na vijana wanaojifunza biashara, kwa kuwa sababu ya marufuku ile siyo ile ambayo mtu angeidhania. Matangazo hayakuondolewa kwa kuwa yaliudhi macho, wala kwa kuwa mengine yaliwaita watu kwenye ulevi. Yaliondolewa kwa sababu nyuma ya rangi palikuwa na hesabu isiyokuwa sawa.

Na tuanze na barafu, kwani bila ya barafu mabehewa haya yasingekuwapo.

Zamani nyama iliyoliwa katika miji ya mashariki ya Marekani ilisafiri ikiwa hai. Ng'ombe walipakiwa Chicago, wakasukumwa safari ya siku nyingi, wakashushwa njiani kulishwa na kunyweshwa, wengine wakafa, na waliofika walifika wamekonda. Tena mwenye mali alilipa nauli ya pembe, kwato, ngozi na matumbo, vitu ambavyo mlaji hakuvitaka. Kwa hivyo watu wakafikiri: kwa nini ng'ombe asichinjwe hukohuko, ikasafirishwa nyama peke yake katika behewa lenye barafu? Mwaka 1868 mtu mmoja wa Detroit, William Davis, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa behewa la namna hiyo, na mfanya biashara wa nyama George Hammond akalitumia. Lakini nyama ilitundikwa juu, na gari lilipoingia kwenye kona ile nyama ikayumba yote upande mmoja, na mabehewa yakatoka katika reli.

Miaka kumi baadaye Gustavus Swift, ambaye asili yake alikuwa muuza nyama wa Massachusetts aliyehamia Chicago, alimwajiri fundi Andrew Chase amtengenezee behewa bora. Chase aliiweka barafu juu ili hewa baridi, ambayo ni nzito, iteremke yenyewe mpaka kwenye nyama iliyopangwa chini. Behewa likafaa. Lakini makampuni ya reli yalilikataa! Yalikuwa yametumia fedha nyingi katika mabehewa ya mifugo na mazizi ya njiani, na hayakupenda fedha zile zipotee. Swift akaenda kwa Grand Trunk, reli iliyopitia Canada, ambayo haikuwa na biashara kubwa ya mifugo, nayo ikakubali kumchukulia nyama yake. Mabehewa akayajenga kwa mali yake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo msomaji wetu lazima aishike vizuri, kwani khabari yote iliyobaki yategemea hapo. Kule Marekani behewa likawa laweza kuwa mali ya mtu mmoja, na reli ikawa mali ya mwingine. Reli ililivuta behewa la mwenyewe, ikatoza nauli ya mzigo, kisha ikamlipa mwenye behewa ujira wa kila maili ambayo behewa lake limekwenda. Wakubwa wa nyama, Swift na Armour na wenzao, wakawa na maelfu ya mabehewa. (Mengi ya yale waliyouza sisi hatuna haja nayo, kwani nguruwe alikuwa sehemu kubwa ya biashara yao.) Kisha yakatokea makampuni ambayo hayakuuza nyama wala siagi, ila kazi yao ilikuwa kujenga mabehewa ya barafu na kuyakodisha kwa wafanya biashara wasiokuwa na yao.

Ubavu wa behewa la namna hii ulikuwa na urefu wa kiasi cha futi 40, na juu yake palikuwa patupu. Haukupita muda mrefu mtu akafikiri kupaandika. Kwanza liliandikwa jina tu la mwenye mali. Halafu jina na mji wake. Halafu picha ya bidhaa na maneno ya kuisifu. Yakaja mabehewa ya manjano, ya rangi ya chungwa, meupe, ya kijani. Heinz wa Pittsburgh akazitangaza achari zake. Chama cha ushirika cha wenye ng'ombe wa maziwa wa Minnesota, Land O'Lakes, kikatangaza siagi yake. Kampuni ya peremende ya Curtiss ya Chicago ikaitangaza Baby Ruth yake, na bila shaka watoto wa kando ya reli walilijua jina hilo. Wapikaji wa pombe nao walikuwamo. Sheria ya kukataza pombe iliyoanza mwaka 1920 iliwanyamazisha. Ilipoondolewa mwaka 1933, majina ya bia yakarudi juu ya mabehewa.

Tumepata kuziona picha za mabehewa hayo, na lazima tuseme kweli: mengi yalipendeza. Mafundi wake walikuwa hodari wa kuandika herufi. Hata huku kwetu mtu huliandika jina la jahazi lake kwenye tezi, na mwenye lori huandika maneno yake juu ya kioo, wala hapana aliyeona dhambi. Uandishi haukuwa tatizo. Tatizo tutalieleza kwa mfano.

Tuseme wewe ni muuza siagi mkubwa. Unakodi behewa kwa kampuni ya mabehewa kwa dola 30 kwa mwezi, na kampuni inakupakia rangi na tangazo lako bila ya kukutoza kitu. Behewa linakwenda huku na huku, na kwa mwezi ule ujira wa maili unaolipwa na reli unafikia dola 45. Mkataba wako na kampuni unasema kuwa ujira wa maili utahesabiwa upande wako. Basi kodi yako imekwisha kulipwa, na dola 15 zimebaki mfukoni mwako. Fedha hizo zimetoka kwa nani? Zimetoka kwa reli, ile ile uliyoilipa nauli. Kwa daftari umelipa nauli sawa na jirani yako. Kwa kweli wewe umerudishiwa sehemu ya nauli, na juu yake umepata tangazo la bure linalozunguka nchi nzima. Jirani yako, muuza siagi mdogo, ambaye hawezi kukodi behewa mwezi mzima na hupakia katika behewa lolote alilopewa na reli, hakurudishiwa hata senti. (Hesabu hizi ni za mfano wetu wenyewe, ili jambo lieleweke.)

Kurudishiana nauli kwa siri lilikuwa donda la zamani katika nchi ile. Kwa njia hiyo matajiri wa mafuta na wa nyama waliwamaliza washindani wao katika karne ya kumi na tisa, na kwa ajili ya madhara ya reli iliundwa mwaka 1887 Halmashauri ya Biashara baina ya Majimbo, iliyodumu mpaka mwaka 1995. Mwaka 1903 ikatungwa sheria iitwayo Elkins, iliyomtia makosani mwenye kutoa marejesho hayo na mwenye kuyapokea pia. Mlango wa mbele ukafungwa. Behewa la kukodi, pamoja na tangazo lake, likawa dirisha la nyuma.

Kulikuwa na madhara mengine, nayo yachekesha kidogo. Behewa limebeba siagi ya bwana fulani mpaka mji wa mbali, likashushwa mzigo. Katika mji ule yuko muuza siagi mwingine mwenye mzigo wa kupeleka huko lilikotoka. Barafu ipo, behewa lipo, njia ni ile ile. Lakini atakubalije mali yake isafiri chini ya jina la mshindani wake, limeandikwa kwa herufi kubwa? Anakataa. Na yule anayeingojea mali naye hataki behewa lenye sifa za mwingine lisimame mbele ya ghala yake mchana kutwa, wateja wake wakiliona. Basi behewa linarudi tupu mamia ya maili. Makaa yamechomwa, watu wamefanya kazi, njia imeshughulishwa, na hapana kilichobebwa ila rangi. Gharama ya safari hiyo ililipwa na nani? Haikulipwa na mwenye tangazo. Iliingia katika hesabu ya reli, na kutoka hapo katika nauli ya kila mtu, mpaka ikafika jikoni kwa mama aliyenunua robo ya siagi.

Katika Julai 1934 Halmashauri ilitoa uamuzi wake juu ya mabehewa ya barafu ya watu binafsi. Iliona kuwa mapatano ya namna tuliyoyataja yalikuwa marejesho ya nauli yaliyovikwa nguo nyingine, na kwamba tangazo juu ya behewa la kukodi ni sehemu ya marejesho hayo. Mabehewa mapya yasipakwe matangazo ya namna ile, na yaliyokwisha pakwa yakapewa muda. Kuanzia Januari 1937 reli hazikupaswa tena kupokeana mabehewa yenye matangazo ya mkodishwaji. Jina la mwenye behewa liliruhusiwa kubaki. Wenye viwanda vya bia, ambao walikuwa wamerudi njiani muda mchache tu, wakapaswa kufuta.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: haya yanawahusu nini Waislamu? Tunajibu kuwa kwanza Waislamu walikuwapo hapo hapo. Katika Michigan City, Indiana, palikuwa na kiwanda kikubwa cha mabehewa, na miongoni mwa wafanya kazi wake walikuwamo Waislamu waliohama kutoka Sham, ambao waliunda jamii yao katika mji ule. Katika Cedar Rapids, Iowa, Waislamu wa asili hiyo hiyo walianza kwa kutembeza bidhaa mashambani, wengine mgongoni, kisha wakafungua maduka ya vyakula. Na mwaka ule ule wa 1934 walikamilisha msikiti wao, ambao bado umesimama. Hao hawakuwa na behewa lenye jina lao. Walikuwa ni katika jamii ya wafanya biashara wadogo, ambao nauli ya haki kwao ni riziki.

Na pili, jambo lenyewe ni letu kwa asili. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la wenye kupunja, na sifa yao ni kuwa wakijipimia wao hutaka kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Vijana wengi hudhani kuwa sura hiyo yasema juu ya pishi na mizani ya sokoni tu. Lakini nauli ni mizani, na daftari la maili ni mizani. Mtu aweza asiguse jiwe la kupimia hata siku moja, akawa mpunjaji mkubwa kwa kalamu.

Iko pia khabari mashuhuri ya Mtume, sala na salamu zimfikie, alipopita sokoni akaiona chungu ya nafaka ya mtu, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta rutuba. Alipouliza, mwenye nafaka akajibu kuwa mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akamkanya vikali juu ya udanganyifu. Tuitazame khabari hii pamoja na behewa. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli. Haikuwa nafaka ya bandia. Uwongo ulikuwa katika kile ambacho sehemu ya juu ilikifunika. Na behewa la siagi lilikuwa hivyo hivyo: siagi labda ilikuwa njema, rangi ilikuwa safi, lakini hapana mpita njia aliyeweza kutia mkono akaigusa ile hesabu ya chini. Ilibidi waje wakaguzi wenye amri ya kufungua madaftari. Katika miji ya Kiislamu ya zamani kazi ya namna hii ilikuwa ya muhtasib, aliyezunguka sokoni akikagua vipimo, na yeye hakungoja mpaka mtu ashitaki.

Lakini yapasa tuwe waadilifu, tuseme na upungufu wa uamuzi ule. Halmashauri ilitazama hesabu. Haikutazama mtoto wa juu ya ukuta. Kama makampuni yangeweza kuyatangaza yale yale bila ya marejesho, na bila ya kurudisha mabehewa matupu, bia ingeendelea kupita mbele ya milango ya watu, na sheria isingekuwa na la kusema. Haki ya mfanya biashara ilipata wakili. Haki ya jicho haikupata. Swali hilo la pili lilibaki wazi, na halikujibiwa na wenye mabehewa ya mizigo, bali na wenye magari ya abiria, tena baada ya miaka mingi.

Maana matangazo hayakuacha reli, yalihamia kwingine. Leo hakuna haja ya fundi wa rangi. Picha hupigwa chapa juu ya karatasi laini ya plastiki yenye gundi, na behewa zima la abiria hufunikwa kwayo, hata madirisha. Juu ya vioo plastiki hiyo hutobolewa vitundu vidogo vingi, ili aliye nje aone picha na aliye ndani apate kuona nje, ingawa kwa kiza kiza. Abiria amelipa nauli yake, kisha dirisha lake limeuzwa kwa mtu wa tatu. Huko Dubai, reli ya mjini iliyofunguliwa mwaka 2009 iliuza hata majina ya vituo vyake kwa makampuni, ikawa mtu amwambiapo mwenzake mahali pa kushukia hutaja jina la kampuni bila ya kukusudia kumtangazia mtu.

Wako waliolijibu swali la jicho. London ilipomchagua Sadiq Khan mwaka 2016, Mwislamu na mtoto wa dereva wa basi, mojawapo ya mambo yake ya kwanza lilikuwa kuzuia katika magari na vituo vya mji matangazo yanayowafanya watu, khasa wasichana, wachukie maumbile ya miili yao. Mwaka 2019 yakazuiliwa humo matangazo ya vyakula vyenye mafuta, sukari na chumvi nyingi, kwa ajili ya afya ya watoto. Katika New York, mamlaka ya usafiri iliacha kupokea matangazo ya pombe katika treni na mabasi yake kuanzia Januari 2018. Huko ambako sheria yenyewe haikatazi pombe, watu walikaa wakatazama ni nani apandaye treni asubuhi, wakaona kuwa ni wanafunzi, wakaamua.

Hawakuamua bila ya mabishano. Hoja iliyotolewa daima ni mapato: tangazo hulipa, na kinacholipwa hupunguza nauli. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani maskini ndiye apandaye treni. Lakini baba wa nyumba anaijua hoja hii kwa sura nyingine. Mtu akija kwako akataka kupaka ukuta wa nyumba yako tangazo la kitu usichokikubali, akakuahidi kukupunguzia kodi, hutamuuliza kwanza ni kiasi gani. Utamuuliza ni picha gani, itakuwa upande gani, na watoto hupita wapi waendapo chuoni.

Mabehewa yale ya manjano na ya rangi ya chungwa yamekwisha njiani, lakini yangali yakiuzwa madukani kama vitu vya kuchezea. Wapenzi wa magari ya moshi madogo huyapenda, na watengenezaji wameendelea kuyatoa kwa wingi, mengine yakiwa na matangazo ambayo hayakupata kuwapo juu ya reli ya kweli hata siku moja. Mtoto akikuletea mojawapo akakuuliza kwa nini magari ya mizigo ya kweli hayakupambwa hivi, mkalishe karibu nawe umweleze habari ya barafu ya Chase, na ya ujira wa maili, na ya yule muuza siagi aliyelikataa behewa likarudi tupu.